Risasi ya Tano

Siku Sajini Kioko, mkufunzi wangu wa shabaha, alipostaafu, nilimwahidi kwamba sitamkabidhi kijana yeyote bastola kabla ya kumsimulia aibu yangu mwenyewe. Leo ni zamu yako, mwanangu. Niruhusu nikuite hivyo, ingawa mvi zangu bado zinahesabika.

Nakumbuka asubuhi ile katika uwanja wa shabaha, nje ya mji wa Matuu. Nilikuwa kuruta niliyetoka chuoni na shahada yangu, nikiamini kwamba nililoliandika daftarini nimekwisha kulielewa. Tulikuwa tumefundishwa jambo jepesi. Kila unapofyatua, slaidi, yaani kile chuma cha juu ya bastola, hurudi nyuma, hutupa ganda, kisha husonga mbele ikisukuma risasi nyingine ndani ya chemba, kile chumba kidogo nyuma ya mtutu. Risasi zote zikiisha, slaidi hubaki nyuma, imeachama. Hapo bastola yenyewe inakuambia kwamba imemaliza.

Nilipewa risasi tano. Nilipodhani nimepiga ya mwisho, slaidi ilikuwa imefunga. Sikushtuka. Magazini zetu, vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini, zilikuwa kuukuu, na baadhi zilikuwa zimeanza kushindwa kuizuia slaidi ibaki nyuma. Nikajisemea kwamba hii nayo imechoka. Nikaichomoa, nikaikagua. Tupu kabisa.

Nyuma yangu alisimama Mwende, kuruta mwenzangu, akihesabu kwa darubini matundu ya shabaha yangu.

"Wewe msomi," akacheka, "naona manne tu! Ya tano umempigia mbuzi wa nani?"

"Imepita kwenye tundu la nne," nikajibu kwa majivuno, nikaanza kumgeukia, bastola ingali mkononi.

Sikumaliza kugeuka. Sajini Kioko aliukamata mkono wangu, akaurudisha kuelekea tuta la udongo lililokuwa nyuma ya shabaha, akaushikilia hapo.

"Nani amekuambia iko tupu?"

"Magazini, Afande."

"Magazini imekuambia habari ya magazini. Chemba umeiuliza?"

Akavuta slaidi. Risasi ya tano ikaruka, ikaanguka karibu na buti la Mwende. Hakuna aliyecheka. Kidole changu, mwanangu, kilikuwa juu ya kifyatulio, maana nilikuwa nimejizoeza kukibonyeza kila nikimaliza.

"Mwanakwa, chuma hakijakudanganya," alisema Sajini, sasa kwa upole, akiniita mwanawe kwa Kikamba. "Kilifunga. Wewe ndiye uliyekitafutia sababu."

Niliona haya, na kwa siku kadhaa nilimnunia mzee yule kwa kunishika mbele ya watu. Leo Mwende ni mama wa watoto wawili, na kila anaponiita msomi kwenye simu, namshukuru Mungu kwa mkono ule mgumu.

Basi, slaidi iliyofunga ichukulie kuwa imebeba risasi, hata kama magazini iko mfukoni mwako. Elekeza mtutu kwenye udongo, kidole kikae mbali na kifyatulio, chomoa magazini, vuta slaidi, itazame chemba kwa macho, kisha iguse. Hata slaidi ikibaki wazi, tazama. Na katika mambo mengine ya maisha, unapoona dalili isiyolingana na unaloliamini, usikimbilie kuitafutia udhuru.

Mungu ailinde mikono yako, akujalie mtu wa kukukemea kabla hujachelewa. Nami nakuomba jambo moja tu: mtu huyo akikukamata mkono, usiuvute.