Ngozi Iliyompwaya Mpwayo

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa duka, Bi Pindo huburuta sumaku iliyofungwa kwenye kamba, kutoka chini ya cherehani mpaka kizingitini. Pini zikinasa, huzisimanga. "Mlikuwa mnakwenda wapi? Kuna mtu amewafukuza?" Kisha huzirudisha kwenye mto wa pini, moja moja. Ni fundi wa nguo za kike, mjane, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Jina la Bi Pindo amepewa na wateja, maana hata kitambaa cha kufutia meza hakitoki mkononi mwake bila kupigwa pindo.

Siku moja mdogo wake, mpasua mbao, aliingia dukani ameikumbatia kofia yake kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Dada, usipige kelele."

"Mimi na wewe, nani mpiga kelele?"

Ndani ya kofia alilala mtoto wa kindi, macho hayajafunguka, mwili si mkubwa kuliko kidole gumba. Yeye na wenzake walikuwa wameangusha mti mkavu, wakamkuta tunduni. Mama yake alikufa chini ya gogo.

"Sasa unaniletea mimi?"

"Kwangu kuna paka watatu, dada. Huku kwako angalau kuna vitambaa."

Bi Pindo alimtazama kwa jicho la kazi yake. Ubavuni, kutoka mkono hadi mguu, ngozi ilikuwa imelegea, imejikunja mikunjo. Akaivuta kidogo kwa ncha ya kidole, ikafunguka kama kwapa la gauni lililokatwa pana kupita kiasi.

"Maskini wa Mungu, amekonda mpaka ngozi inampwaya! Huyu ni wa kulishwa ajae."

Akamwita Mpwayo, akaanza kumlisha. Maziwa ya mbuzi, kwa bomba dogo lililotolewa sindano. Akilia anapewa, asipolia anapewa. Kila akimaliza, Bi Pindo aliipima ile ngozi kwa vidole viwili. Bado inapwaya. Basi anaongeza.

Haikuchukua muda tumbo la Mpwayo likakaza kama ngoma, akagoma kunyonya. Bi Pindo alifunga duka mchana kweupe, akamwacha mteja na gauni la mkono mmoja, akamtia mtoto ndani ya blauzi yake na kukimbilia kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa dada mdogo wa umri, mwenye mikono mitulivu. "Umemlisha kiasi gani, mama?"

"Mpaka ngozi ijae. Lakini haijai."

Daktari alimnyoosha mtoto mkono, akamnyoosha mguu, polepole. Ngozi ikatanuka pande zote kama leso iliyoshikwa pembe nne.

"Haitajaa, mama. Huyu ni kindi wa kuruka. Hii ndiyo atakayotandaza apae kutoka mti hadi mti."

Bi Pindo aliikunja ile ngozi taratibu kwa ncha ya kidole. "Nimepima watu mpaka nywele zimeota mvi," akasema, "leo nimetaka kumbana mtoto wa watu."

Daktari alicheka, kisha hakucheka. Alimwelekeza: maziwa yachanganywe na maji, tone kwa tone, na mtoto afutwe chini ya tumbo kwa pamba yenye unyevu ili akojoe, kama mama yake alivyokuwa akimlamba. "Asipokojoa, tutampoteza."

Bi Pindo alifuta, akafuta, akimbembeleza kwa nyimbo alizokuwa akimwimbia binti yake. Karibu na mapambazuko, uvuguvugu mdogo ukamwenea kiganjani. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kukojolewa akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mpwayo akakua. Macho yakafunguka, makubwa, meusi kama vifungo vya koti. Akaanza kula njugu na machipukizi. Jioni moja alipanda juu ya kabati, akatikisa kichwa, akaruka, akatua kifuani pa Bi Pindo, moyo wake ukimdunda juu ya moyo wa mama huyo. Tangu hapo kifua hicho kikawa ndio mti wake. Ila siku nyingine alikosea, akatua mgongoni mwa mteja aliyekuwa akijaribu sketi.

"Mama yangu wee! Popo!"

"Popo mwenyewe. Huyo ni mjukuu wangu. Simama wima, nisikuchome pini."

Daktari aliposikia hakupenda. "Akizoea kutua kwa watu, iko siku atatua kwa mtu mwenye fimbo. Akitua kwako, bado hajawa wa msituni."

Mpasua mbao akaleta nguzo yenye magome, wakaisimamisha katikati ya chumba. Bi Pindo akajificha nyuma ya pazia. Mpwayo akatua kwenye sanamu la kupimia nguo, kwa sababu lilivaa blauzi ya Bi Pindo. Bi Pindo akalivua blauzi ile. Kindi akaita, sauti nyembamba kama uzi. Bi Pindo akauma ncha ya pazia, hakuitika. Jioni nyingi zilipita hivyo, mpaka Mpwayo akaizoea nguzo.

Ndipo daktari akasema sasa arudishwe msituni. Sanduku analolala Mpwayo litundikwe kwenye mti, mpasua mbao ampelekee chakula mpaka atakapoacha kukigusa. "Lakini wewe, mama, ukishamwacha usirudi. Akisikia sauti yako atashuka chini, na chini kuna paka, kuna mbwa."

Walikwenda jua likizama. Bi Pindo alivaa koti la mdogo wake lenye harufu ya vumbi la mbao, asitambulikane na Mpwayo. Mpasua mbao akapanda ngazi, akatundika sanduku, akashuka.

Mpwayo akatoa pua. Akatoka. Akatikisa kichwa kama alivyofanya juu ya kabati. Bi Pindo akakinga kifua kwa mikono miwili, asipate pa kutua.

Kindi akaruka. Ngozi ikatanda mwili mzima, bila hata mkunjo mmoja, akapita juu ya vichwa vyao, akashika gome la mti wa mbele.

"Imemkaa," alinong'ona Bi Pindo. "Imemkaa sawasawa."

Kule juu Mpwayo akaita.

"Dada, ngoja basi umwone tena."

Lakini Bi Pindo alikuwa ameshageuka. Akaziba mdomo kwa kola ya koti, asije akamjibu, akashika njia ya kutoka msituni, na hakurudi.