Nilipoingia Jikoni kwa Mke wa Mwanangu

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka nikiwa bado nauza vitenge mpakani. Hospitalini waliniambia ni ugonjwa wa Parkinson. Nikaendelea kuishi peke yangu Bwera, upande wa Uganda, nikijipikia na kujifulia, polepole lakini kwa mikono yangu.

Mwanangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, Kasese. Alitaka nihamie kwake. Tukakubaliana mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje kunipima nikiwa kwake: nikionekana siwezi kujihudumia, nyumba ya Bwera inafungwa.

Akaja dada mmoja mpole, akakaa nasi sebuleni, mwanangu na mkewe wakiwapo.

"Mama anaweza kupika?"

Mke wa mwanangu akanitangulia. "Mama hapikaka."

"Kufua?"

"Ni miye namufuliaka."

Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilinizika. Nyumbani kwake sikuwahi kugusa chungu. Kwetu Butembo, Kongo, mama mkwe akishika mwiko jikoni kwa mke wa mwanawe, amemtangaza mvivu mbele ya mtaa mzima. Yeye, kwa kunijibia, alikuwa akiniheshimu. Dada wa watu alikuwa akiandika kwamba sijiwezi.

"Mutu ya kujibu ni miye," nikasema. "Na nitajibia kule jikoni."

Mke wa mwanangu akasimama mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Mama, mbele ya mugeni?"

"Unisamehe, mutoto yangu. Leo nakuhaibisha."

Akanipisha. Nikasubiri maji yachemke, nikamimina unga wa muhogo, mwingine ukamwagika sakafuni. Mkono uliokuwa ukitetemeka mapajani ulipobana mwiko ukatulia. Nilisonga taratibu mno, jasho likinitoka, mwanangu akitaka kunisaidia nami nikimfukuza kwa macho. Ugali ukaiva, hauna hata donge.

"Sasa uliza ingine," nikamwambia dada.

Akaniomba nifunge vifungo vya blauzi. Nikahangaika na kimoja hadi vidole vikakakamaa. Ningeweza kusingizia uchovu, lakini sikutaka ushindi wa uongo.

"Hiyo siwezi. Andika."

Mke wa mwanangu alikula ugali ule bila kuniangalia, nikaumia. Alipomaliza akaomba blauzi zangu zote. Akakata vifungo, akashona mbele, akatia mpira shingoni nivae bila kufunga kitu, akazikunja vizuri ndani ya mfuko wangu wa safari.

"Za Bwera," akasema.