Muhogo Juu ya Bati

Juzi nilipita Kibarani, hapa Kilifi, nikasimama mbele ya nyumba ya watu nisiowajua. Kilichonisimamisha ni harufu. Muhogo uliomenywa na kuanikwa juani una harufu yake: uchachu kidogo, chokaa kidogo, kama ukuta mpya ulionyeshewa. Ulikuwa umetandazwa juu ya gunia, na kando yake ameketi msichana mdogo na kijiti cha kufukuzia kuku. Nilimtazama mtoto yule, nikashindwa kuondoka. Nivumilieni niwaeleze kwa nini.

Nililetwa Malindi mwanzoni mwa miaka ya themanini, meno ya mbele yakiwa bado hayajaota upya. Sisi ni watu wa Tanga. Wakati ule kwetu sukari na sabuni vilikuwa vitu vya kusikia kwa majirani, na baba yangu alikuwa ameshafariki. Mama alinishika mkono tukavuka mpaka pale Lungalunga, tukafikia kwa dada yake, Mamkubwa, aliyekuwa ameolewa Malindi, mtaa wa Shela. Mama aliniambia tumekuja kutembea.

Kiswahili kilikuwa kile kile, lakini nilijiona niko nchi ya watu kwelikweli. Na Swaleh, mtoto wa Mamkubwa, hakuniacha nisahau.

"Wewe Mtanzania," aliniuliza siku ya kwanza, "ni kweli kwenu chai yanywewa kwa kuitazama sukari kwenye picha?"

"Na nyinyi hamjui bada," nikamjibu.

"Bada ni nini?"

"Chakula cha watu."

Bada ni ugali wa unga wa muhogo mkavu. Ni mweusi kidogo, unavutika, na kwetu huliwa kwa mchuzi wa papa. Kwa Mamkubwa kulikuwa na wali wa nazi, mahamri na mbaazi, na sima ya mahindi nyeupe kama shuka. Vyote vilikuwa vizuri, lakini tumbo la mtoto ni kaidi. Nilitaka bada.

Mimi na Swaleh tukaamua kuipika wenyewe. Tulikuna muhogo mbichi kwa mbuzi ya nazi, tukaukamua kwa kifumbu cha Mamkubwa cha kuchujia tui, tukauchemsha ndani ya mkebe juu ya mawe matatu nyuma ya nyumba. Ikatoka gundi. Swaleh alionja, kisha akachukua mkebe wote akaenda kugundishia tiara lake. Tiara lile liliruka, likanasa kwenye nyaya za umeme, likachanika kila mahali isipokuwa pale tulipogundisha. Kifumbu nacho hakikufunguka tena. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Sikumbuki kucheka kwake kwingine katika nyumba ile.

"Bada haipikwi kwa haraka," alisema akijifuta macho. "Kwanza muhogo ukauke."

Asubuhi iliyofuata alinunua muhogo kwa Mama Kadzo, mwanamke wa Ganda aliyekuwa akipita mitaani na kikapu kichwani. Tukaumenya pamoja. Jiko la Mamkubwa lilikuwa kibanda cha nje chenye bati lililoinama chini, na mtoto aliweza kulipanda kwa kukanyaga pipa la maji. Mama alinipandisha huko niupange muhogo.

"Mimi nina safari ya Mombasa kutafuta bidhaa," alisema. "Huu ukikauka nitakuwa nimesharudi. Tutautwanga, tupike bada, tule, halafu twende kwetu. Usiache kuku akapanda."

Nililala kifudifudi juu ya bati, nikawa nateremsha mkono napokea vipande kutoka chini. Kipande, napanga. Kipande, napanga. Jua lilikuwa linaanza kuuma mgongoni na bati linanukia kutu. Mara nikasikia mlio wa bangili. Mama hakuwa na bangili. Zake alikuwa ameziuza Tanga. Nikachungulia. Mikono iliyokuwa ikinipa muhogo ilikuwa ya Mamkubwa.

"Mama yuko wapi?"

"Katoka kidogo. Haya, shika hiki."

Nikakishika.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa bati. Nilifukuza kuku na kunguru kwa kijiti, niligeuza vipande, mawingu yakija nilipiga kelele kama muadhini. Mamkubwa alinisifu. Kila Mama Kadzo alipopita, Mamkubwa alinunua muhogo mwingine, akaumenya na kunipandishia. Mimi nikafurahi kwamba tutakuwa na unga mwingi.

"Wewe bibi," Mama Kadzo alimuuliza siku moja, "muhogo wako haukauki? Kwetu Ganda ukianikwa juma hili, juma lijalo u kinuni."

"Jua la Ganda ni la shamba," alijibu Mamkubwa. "Letu la mjini lina uvivu."

Wakacheka wote wawili, lakini Mama Kadzo alinitazama huku juu, na kicheko chake kikakatika njiani.

Nilipomuuliza Mamkubwa habari za Mama, aliniambia mvumilivu hula mbivu. Nikavumilia. Lakini siku moja nilichukua kipande cha siku za mwanzo nikakivunja, kikalia kama kijiti kikavu. Nikavunja kingine. Vile vya zamani vilikuwa vimekauka, na Mama hakuwa amefika.

Msinicheke kwa nilichokifanya. Mama alikuwa amesema muhogo ukikauka atakuwa amerudi. Kama umekauka na yeye hayupo, basi alisema uongo, na mimi sikutaka Mama aonekane mwongo, hata mbele ya kuku. Nikashuka, nikachota kata ya maji kwenye pipa, nikapanda nikaunyunyizia wote. Usiku ule nikalala vizuri. Kesho yake nikafanya vile vile, na kesho kutwa.

Muhogo ukaota ukungu, kwanza kijani, kisha mweusi. Ukaanza kunuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Swaleh alifuata harufu, akanikuta juu na kata mkononi.

"Waumwagilia ili uote?"

"Bado haujakauka. Mama hajaja."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyevunjika mguu. Nadhani hakukusudia kunitesa, ila alichoka kubeba siri.

"Mamako hatarudi," alisema. "Alirudi Tanga zamani, kaolewa. Huyo mume hataki mtoto wa mtu."

"Mwongo."

"Kila mtu ajua. Hata Mama Kadzo ajua."

Hiyo ndiyo iliyonichoma. Ningeweza kubisha juu ya Mama, lakini lile jicho la Mama Kadzo nilikuwa nimeliona mwenyewe. Mtu wa kupita njiani na kikapu chake alijua habari zangu, na mimi niliyekuwa nazilinda kwa kijiti sikuzijua.

Nilishuka nikamkuta Mamkubwa anapeta mchele. Alinitazama usoni, akaweka ungo chini. "Haya," alisema, "kauteremshe. Tukautwange."

Tulikwangua ukungu kwa kisu, tukaurudisha juani ukakauka, tukatwanga, tukachekecha. Hakukuwa na papa. Alipika mchuzi wa dagaa na nazi. Bada ilitoka nyeusi na chungu. Swaleh alikula kwa adabu ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mamkubwa alikula kuliko sote, tonge baada ya tonge, kama anayelipa faini.

"Kula, mwanangu," aliniambia.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nikaelewa kwamba Mama ameshanigawa kwake. Nikaliweka tonge chini.

Sikumaliza shule. Nilifika darasa la sita, nikaanza kutangatanga: Watamu, Mombasa, Lamu, kila mji nikitaka kuona wanapika nini na kwa nini. Mtu akiniambia "ningoje hapa," nilikuwa nishafika kituo cha mabasi. Nilipokuwa msichana mkubwa nilifika Tanga nikamtafuta Mama. Alinipikia bada, nzuri sana, na mchuzi wa papa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Sikuwa na mdomo," alisema. "Nilimwachia dada akwambie siku ile ile ukishuka kwenye bati. Kwani hakukwambia?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Hapo ndipo nilipokumbuka vikapu vya Mama Kadzo, na jua la mjini lenye uvivu. Mamkubwa hakuwa akitafuta unga mwingi. Kila alipokosa mdomo wa kuniambia, aliniongezea muhogo mbichi, ili siku isifike. Mmoja alinidanganya akaondoka, mwingine akanidanganya akabaki, na mimi nikawasaidia wote wawili kwa kata yangu ya maji. Naelewa sasa kwamba walinihurumia. Lakini mpaka leo sijui huruma ile ilikuwa yangu au yao wenyewe, na Mamkubwa alizikwa kabla sijamuuliza.

Juzi pale Kibarani, yule mtoto aliniamkia, "Shikamoo," akaona siondoki. Akaniuliza kama nataka kununua.

"Mamako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ndani."

Nikaendelea kusimama kwenye jua, mtoto akinishangaa, mpaka niliposikia sauti ya mwanamke ndani ya nyumba ikimwita ale. Ndipo nikaenda zangu.