Injini ya Shemeji Amos

Gari la shemeji usilishike. Mafundi wa Tarime mjini hulisema hilo wakicheka, lakini Simioni hakuwa na pa kuchekea. Mkewe, Ester, alimwoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake mwenyewe, Boke. Ndivyo ilivyo Ukuryani: dada akiolewa, ng'ombe wanaoingia zizini ndio kaka anaowatoa kwenda kuoa. Na ng'ombe wa Boke walitoka kwa mumewe, Amos wa Nyansurura, mwenye pikapu. Kwa hiyo Amos alipopiga simu, "Shemeji, njoo uniangalizie injini," Simioni alifunga spana zake nyuma ya bodaboda akaenda.

Pikapu yenyewe ilikuwa mali ya marehemu baba yake Amos, imeegeshwa kwenye banda la mahindi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Injini ilikuwa ya petroli, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, chuma kitupu, hakuna mambo ya kompyuta. Simioni, aliyezoea kushinda na kabureta za pikipiki, aliitazama akameza mate. Akaishusha, akaifungua. Ringi zimekwisha, krenki ina mikwaruzo, hedi imepinda. Krenki na hedi akazipeleka Mwanza zikachongwe, pistoni akaagiza kupitia Sirari mpakani. Kwa kweli alikuwa na furaha.

Furaha hiyo Boke aliikata kwa kikombe cha uji.

"Kaka, usiimalize," alisema akimkabidhi.

"Kwa nini?"

"Ikitembea atabeba mizigo ya watu mnadani, apate ng'ombe wa kuolea. Ameshaongea na watu wa Nyambureti. Atamleta mwanamke kwenye nyumba hii hii niliyofyatua matofali yake mimi." Akamtazama usoni. "Sijawahi kukuomba kitu, kaka. Hata ulipooa sikukuomba."

Simioni akaanza kuwa mwongo. Fundi ni fundi, uongo wa njoo kesho anao tangu siku ya kwanza kushika spana, lakini huu ulimwingia vibaya. Mara gasketi imekwama Sirari, mara fundi wa Mwanza kasafiri. Na kumbe mikono yake haikuweza kufanya ovyo. Kila Jumamosi alifunga kitu, akakipima, akakirudia, mpaka injini ikarudi mahali pake ikibaki rota tu, kile kidude cha kuenea kiganjani kinachogawa moto kwa kila plagi. Bila rota injini huzunguka bure. Akampa Boke aifiche, akamwambia Amos imepasuka na nyingine inatafutwa Nairobi.

Nyumbani Ester akamjia juu. "Pikapu gani isiyoisha? Au una mke Nyansurura?"

Ndipo Jumamosi moja Amos akaja bandani, akasalimia vizuri, akaulizia watoto. Hakupaza sauti.

"Shemeji, wiki ijayo namleta fundi wa Musoma. Akiniambia gari lilikuwa zima, nitajua wewe na dada yako mnanichezea. Basi nitamrudisha kwenu, na ng'ombe wangu nitawafuata."

Akaondoka. Simioni akakalia tairi. Ng'ombe gani? Walishafika kwa baba yake Ester, na kaka yake Ester akaoa kwa ng'ombe hao hao. Ukiwavuta kutoka hapo, ndugu zake Ester watakuja kumchukua Ester, na nyumba yake itabaki na watoto wanaolia. Simioni aliogopa, tena aliogopa sana. Aliangalia mlango wa jikoni.

Boke alikuwa amesikia yote. Alitoka na debe la unga, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akaitoa rota, akaifuta kwa kanga.

"Shika."

"Boke..."

"Watoto wako walale na mama yao. Funga, kaka."

"Nisamehe, dada."

"Kwani wewe ndiye unayeoa?" Akabeba debe lake akarudi ndani.

Alifunga. Akamwita Amos, akakaa kwenye kiti cha dereva, akawasha. Injini ilishika mara moja. Silinda zote sita, hakuna iliyokohoa wala kuchelewa, mlio mmoja laini; ungeweka chai juu ya mfuniko wa valvu isingemwagika. Tangu aanze ufundi Simioni hakuwahi kuunda injini nzuri kama ile, na kwa mara ya kwanza alitamani kazi yake ife mbele ya macho yake.

Amos alicheka mpaka akakohoa. Akampiga begani.

"Kumbe rota ya Nairobi imefika!" alisema, na hakuuliza zaidi. "Sasa sikiliza. Jumapili tunakwenda Nyambureti kwa wakwe. Utaendesha wewe."

"Mimi, shemeji?"

"Si ulisema injini iliyofungwa upya haikimbizwi, inataka mtu anayeijua? Nani anaijua kuliko wewe? Kwenda utaendesha wewe, na siku ya kumleta bibi harusi pia ni wewe."

Simioni alitafuta gasketi nyingine ya kusingizia, akaikosa. Kila kitu kilikuwa kizima.

"Sawa, shemeji," akasema.

Jikoni, Boke alikuwa anawasongea ugali kwa unga ule ule.