Nilipoulizwa Lugha, Nikajibu Kisukuma

Niseme mapema ili msomaji anijue: katika kazi yangu sijawahi kukosea kuchagua kifaa. Shule niliishia darasa la nne, lakini mpe msomi grenda mbili za kukatia chuma azishike, hatajua ipi itakufa baada ya mwezi. Mimi naijua kwa mlio. Nilianza kuchomelea vyuma Mirongo kwa mashine ya kuazima, nikilala kwenye karakana za watu ili asubuhi niiwahi kabla mwenyewe hajafika. Leo nina uwanja wangu Buzuruga, mafundi sita, na ukipanda mlima wowote wa jiji hili ukatazama chini, mageti yanayokupendeza macho mengi yamepita mikononi mwangu. Hata mafundi wenzangu wakitaka kununua mashine hunipigia simu. "Mzee, njoo uisikilize kwanza." Naenda, naisikiliza, nasema ndiyo au hapana, narudi kazini.

Nimeyataja hayo kwa sababu ninayosimulia hapa ni habari ya kifaa nilichokosea kuchagua, na aliyeumia si mimi.

Mke wangu alianguka jikoni mwanzoni mwa masika, akiwa anaparua samaki, sato. Kiharusi. Mguu ukarudi, mkono ukarudi nusu, maneno hayakurudi. Lilibaki moja tu, "wabeja", ambalo kwetu Wasukuma ni asante. Akiona njaa ni wabeja. Akitaka kugeuzwa upande ni wabeja. Siku niliyomletea chai isiyo na sukari alionja, akasukuma kikombe, akasema wabeja mara tatu, na zote tatu zilikuwa matusi.

Na huyu ni mwanamke aliyekuwa akiniita kutoka barabarani, grenda tatu zinaunguruma, na nikamsikia. Mafundi wangu walikuwa wakisema mama akifika zima mashine, maana hata usipozima atazishinda.

Hospitalini yupo dada anayewafundisha watu kuongea upya. Aliniweka pembeni akaniambia, "Baba, miezi hii mitatu ya mwanzo ndiyo maneno hurudi kwa wepesi. Baadaye yanarudi, lakini kwa taabu. Kila siku aone kitu, asikie jina lake, ajaribu. Msiipoteze hii miezi." Akatuwekea gemu kwenye kishikwambi cha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyehamia kwetu kumuuguza. Sauti inataja kitu, picha nne zinatokea, unabonyeza iliyotajwa. Gemu zuri, ila lilitoka mbali. Kulikuwa na tufaha, kulikuwa na treni inayopita chini ya ardhi, kulikuwa na mtu aliyefinyangwa kwa theluji na pua ya karoti. Mke wangu alimtazama yule mtu wa theluji muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. "Wabeja," akasema, kama mtu anayeuliza umenileta wapi hapa.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Kiswahili chetu sisi wawili kilikuwa cha wateja na cha ofisini. Kupendana, kugombana, kuitana chakula, vyote kwa Kisukuma. Na neno lililobaki kinywani mwake ni la Kisukuma. Mimi ni mtu wa milango, nikaona kama mlango: ikiwa neno hili moja limesimama kizingitini, mengine yako nyuma yake ndani, yamekwama. Gemu liwe la kwetu. Liwe na kuku wetu, sufuria yetu, ndoo yetu ya maji, kwa majina anayoyajua tangu utoto.

"Nitalitengeneza mwenyewe," nikamwambia shemeji.

"Shemeji, gemu siyo dirisha."

"Vyote vinatengenezwa na watu."

"Haya. Ukimaliza hilo nitengenezee na ndege, nimechoka mabasi."

Pale Mirongo, ghorofani, kuna darasa wanamofundishwa vijana kutengeneza gemu. Nikapanda ngazi na buti zangu za kazi. Wakaniamkia kwa pamoja kama wako shuleni. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. Mwalimu wao ni binti, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nilimwambia nimekuja kujifunza kutengeneza gemu, na sina siku nyingi. Hakunicheka. Alivuta kiti, akasema, "Sawa baba. Unafikiria kuanza na lugha gani?"

"Kisukuma," nikasema.

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja kule nyuma akasema, "Mzee, kompyuta ikikusalimia wangaluka tuite tuone." Mwalimu akawatazama, wakanyamaza, lakini na yeye midomo ilikuwa inamcheza. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nimeulizwa lugha, nimetaja lugha.

Akanieleza taratibu kwamba kuna lugha za kuiamrisha kompyuta, nazo ni nyingi, na kila mtu anayeanza hukwama hapo kwanza, achague ipi. Akanionyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa na jina la chatu. Unaandika amri kwa herufi, mstari kwa mstari, kwa maneno ya Kiingereza. Ya pili ilikuwa ya kupanga vipande vya rangi, kimoja juu ya kingine kama matofali, na maneno yake yanaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Ila ukiifungua tu, paka wa rangi ya chungwa anakukenulia meno. Ya tatu, akasema, hiyo siyo lugha tu. Hiyo ni injini.

Aliposema injini, masikio yangu yakasimama.

"Injini ya nini?"

"Ya gemu. Yale makubwa, ya mipira na magari, wengi wanatengenezea humu. Lakini baba, kwa hilo unalotaka, mimi ningeanza na hii ya paka. Wiki moja unalo."

"Hiyo wanaotumia ni akina nani?"

"Wengi ni watoto wa shule za msingi."

Nilitazama nyuma. Wale vijana walikuwa wananitazama. Mimi, niliyechomelea mageti ya watu wakubwa wa jiji hili, nikae mbele ya paka. Nikasema nataka injini. Binti akasema, "Ni uamuzi wako baba." Nimeuza vitu miaka mingi, naijua sauti ya mtu anayekuachia ukosee. Niliisikia, nikaipita.

Injini ilihitaji kompyuta yenye nguvu, nikanunua yenye nguvu. Ilihitaji kupakuliwa, ikapakuliwa siku mbili. Nilipoifungua nikakuta vitufe vingi kuliko nyota, vyote vya Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya vipuri. Kila alasiri nilikwenda ghorofani, kila asubuhi nilikaa na lile dude pale ofisini, mafundi wananiita nje nione kipimo cha geti nami nawajibu ngojeni. Wiki ikaisha. Mwezi ukaisha. Shemeji aliuliza mara moja, "Gemu limefika wapi?" Nikamjibu, "Kitu kikubwa hakiharakishwi." Hakuuliza tena. Kile kishikwambi chenye mtu wa theluji kilikuwa juu ya kabati, maana nilikuwa nimesema kiachwe, la kwetu linakuja.

Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha nikawa na kitu cha kuonyesha. Nikaichukua kompyuta hadi sebuleni, nikaiweka mbele ya mke wangu, nikabonyeza. Lilitokea boksi la kijivu juu ya sakafu ya kijivu. Boksi lilitakiwa kutua sakafuni, halafu nibandike juu yake picha ya ndoo. Lilianguka, likaipita sakafu kama vile haipo, likaendelea kwenda chini, likawa dogo, likawa nukta. Nikabonyeza tena. Likaanguka tena. Mke wangu alinyoosha kidole cha mkono wake mzima, akalifuata boksi kwa kidole mpaka mwisho wa kioo, kidole kikabaki hapo chini.

"Wabeja," akasema, polepole sana.

Shemeji alikuwa mlangoni na sinia la mchele anaochambua. Mtu wa utani siku zote, siku hiyo alirudi jikoni bila neno.

Kesho yake nilimuuliza mwalimu kwa nini boksi linapita. Akasema, "Sakafu unaiona kwa macho tu, baba. Hujaiambia kompyuta kwamba ni ngumu. Ni jambo la kubonyeza mara moja." Mara moja. Nilikaa pale kwenye kiti kidogo, magoti yamenifika kifuani, nikahesabu miezi aliyoniambia yule dada wa hospitali. Nikasema, "Nipe yule paka."

Aliifungua ile lugha ya paka, akageuza maneno yakawa ya Kiswahili, akamfuta paka. "Huyu hatumhitaji," akasema. Kabla wiki haijaisha gemu lilikuwa tayari, kama alivyosema tangu mwanzo. Picha nilipiga mwenyewe kwa simu: kuku wetu wa madoa, nyumba yetu kwa mbele, ndoo ya maji. Majina niliyasema kwa sauti yangu. Ngoko. Numba. Minzi. Mwalimu akauliza, akibonyeza sawasawa tuweke mlio gani wa kumpongeza? Nikafikiri kidogo, nikaona nina jibu zuri kuliko makofi. Nikasogelea simu nikasema, "Wabeja."

Tulilifungua kwenye kile kishikwambi siku ya Jumapili, baada ya ibada. Sauti yangu ikasema ngoko. Mke wangu akatazama picha nne, akanyoosha kidole, akamgusa kuku. Na kishikwambi kikasema, kwa sauti yangu, "Wabeja."

Aliacha mkono hewani. Akakitazama, akanitazama. Nikamwambia endelea. Numba, akaigusa nyumba. Kikasema wabeja. Akakichukua kwa mkono ule mzima, akakigeuza kifudifudi juu ya meza, akageuza na uso wake ukutani. Machozi yalitoka bila sauti.

"Umemwigiza," shemeji akasema.

"Nilimshukuru."

"Shemeji, hilo neno ndilo analo. Umelichukua ukampa mashine."

Siku tatu zilizofuata mke wangu hakusema hata wabeja. Nilikwenda Mirongo nikautoa ule mlio, na mwalimu alipouliza tuweke gani badala yake nikasema usiweke kitu.

Miezi ya yule dada wa hospitali ikatimia. Alimpima, akaandika, akasema sasa tutakuwa tunaonana mara moja kwa mwezi. Akauliza, "Yale mazoezi ya nyumbani mlianza lini?" Nikasema, "Tangu siku ile ile uliyotuambia." Mke wangu alikuwa amekaa kati yetu, anasikia kila kitu. Kusikia hakukumpotea. Alinitazama tu. Kama angekuwa na maneno yake siku hiyo ningeaibika mbele ya watu, na ningetoa uwanja wangu wote wa Buzuruga ili niaibike hivyo.

Lile gemu mwalimu aliliacha pia kwenye kompyuta za darasani, ili vijana watafute kasoro zake. Wamelicheza mpaka wamelikariri. Nikipanda ngazi sasa wananiamkia wangaluka, na yule aliyenicheka siku ya kwanza ananyoosha chupa ya maji, "Mzee, karibu minzi." Watoto wa mjini wasiojua kijiji kilipo, wazazi wao Wahaya, Wajita, Waluo, nimewafundisha Kisukuma mimi wa darasa la nne. Siku nyingine ningelisimulia hilo kila kibanda cha chai. Nashuka ngazi kimya.

Kila alasiri tunakaa, grenda zikizimwa. Siku hizi amekubali kucheza. Sauti inasema ngoko, anagusa kuku, hakosei. Kishikwambi kinanyamaza. Halafu ananigeukia, anautazama mdomo wangu, ananisubiri.

"Ngoko," nasema.

Midomo yake inajikusanya, shingo inakaza, unaona kabisa kitu kinapanda.

"Wabeja," anasema.

Nami nimekaa hapo, mtu wa kutambua mashine kwa mlio, nasikiliza kwa nguvu zangu zote, na sijui kama amenishukuru, au amenitukana, au ndiye kuku mwenyewe aliyekuwa anamtaja. Naleta picha inayofuata.