Mkalimani wa Zahanati ya Ngumbo

Bibi Bonifasia alipostaafu ualimu, hakukaa nyumbani. Kila Jumatatu alienda zahanati ya Ngumbo, alikofanya kazi mjukuu wake Winnie, muuguzi, akawatafsiria wazee bila malipo. Kimatengo kilikuwa lugha ya kwao milimani, Kinyasa alikipata kwa mumewe, na Kimpoto alifundishwa na wanafunzi wake mwenyewe.

Siku moja mama mmoja mzee kutoka Kitura, kijiji cha milimani, aliletwa na mkwewe, mume wa binti yake.

"Anasema tumbo linamuuma tu," mkwe akatafsiri.

Winnie alikuwa ameshaanza kuandika.

"Baba, hebu niletee maji ya kunywa," Bibi akamwambia yule mkwe. Alipotoka, Bibi akasogea karibu na mgonjwa, wakaongea Kimatengo kwa sauti ya chini mpaka yule mama akalia.

"Anatokwa damu, mwezi wa tatu huu," Bibi akasema. "Angelisemaje hilo mbele ya mkwe?"

Mama yule alipelekwa hospitali Mbinga, akafanyiwa upasuaji, akapona.

Bibi alipofariki mwaka jana, yule mama alishuka kutoka milimani kuja msibani. Akamshika Winnie mikono na kuzungumza naye Kimatengo kwa muda mrefu. Winnie hakuelewa hata nusu yake, akaona aibu. Mara ngapi Bibi alitaka kumfundisha, naye akasingizia uchovu!

"Mama," Winnie akamwambia polepole kwa Kiswahili, "kwa Kimatengo, mgonjwa anaulizwaje anaumwa wapi?"

Yule mama akafuta machozi, akamtamkia. Winnie akakosea, akarudia, na mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.