Baba Amefungia Pasi Yangu kwa Sababu ya Ufagio

Admin, nifichie jina. Na atakayeitambua familia yetu namwomba anyamaze, Korogwe yetu ni ndogo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, sina mtoto. Mwaka wa tisa huu naishi nchi moja ya baridi huko Ulaya, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Lakini leo naandika nikiwa nyumbani, jirani na mashamba ya mkonge, na sijui kama nitatoka. Nilikuja wiki tatu tu kumwona baba baada ya presha kumwangusha. Tiketi ya kurudi ni Jumamosi hii.

Kule kuna mchezo unaitwa kaling. Msicheke. Timu ina wanawake wanne. Mmoja anasukuma jiwe la kilo kama ishirini liteleze kwenye barafu, wawili wanakwenda mbele ya jiwe wakifagia barafu kwa brashi za mpini mrefu ili lifike mbali na lisipinde mapema, wa nne anasimama mwisho kuelekeza. Mimi ni mfagiaji. Nilianza kwa sababu mwenzangu wa kazini alikosa mtu wa nne, nikaenda kumwokoa siku moja, nikaanguka chali mara tano mbele za watu. Leo ni mwaka wa saba. Shuleni nilikuwa wa katikati, nyumbani wa katikati, kila mahali wa katikati. Ila jiwe likiachiwa tu, mimi najua kama litafika au linahitaji nguvu zetu. Mwezi ujao tunacheza mashindano ya kupanda ligi ya juu ya wanawake. Tumeyahangaikia miaka minne, na bila mimi wamebaki watatu.

Kosa langu ni kwamba nyumbani sikusema. Mazoezi yalipozidi nilipunguza siku za kazi, na baba alipouliza mbona nina nafasi nyingi, nikamwambia nimepandishwa cheo. Akatangaza msikitini.

Siku ya nne tangu nifike, binamu yangu wa Dar akarusha video kwenye kundi la ukoo. Niko nimeinama, nafagia kwa nguvu zangu zote, watu wamekaa wananitazama, mwanamke wa Kizungu ananipigia kelele nikazane. Huyo ni nahodha wetu na ndiyo kazi yake, lakini nani atajua? Chini binamu aliandika, "Jamani, si dada yetu huyu?"

Niwaeleze jambo moja ili mumwelewe baba. Babu alikuja huku kama manamba, kukata mkonge. Bibi alikuwa mfagizi nyumbani kwa meneja wa shamba, mpaka mgongo wake ukagoma kunyooka. Baba alikua akiitwa mtoto wa mfagizi. Na mimi nimepewa jina la huyo bibi, kwa hiyo tangu mdogo baba haniiti mwanangu, ananiita mama.

Akaita kikao. Baba mdogo akaja kutoka Kabuku, shangazi akatoka Kwamsisi kwa bodaboda. Baba akaniuliza mbele yao, "Mama, ni wewe?"

Nikasema ni mimi, lakini ule ni mchezo. Nikaeleza yote, jiwe, barafu, ligi. Nikavuta hata chungu nikaonyesha kwenye sakafu. Shangazi akasema, "Haya, kumbe mpira wa jiwe," nikajua nimepona.

Lakini baba akauliza, "Wanakulipa?"

Nikasema hapana. Sisi ndio tunalipia ukumbi.

"Mama yangu alifagia kwa sababu tulikuwa na njaa," akasema. "Wewe una njaa gani? Ungeniambia ni kibarua, ningelia, ningekusamehe. Lakini unatoka hapa unawafagilia Wazungu bure, wakikupigia kelele, halafu unaita mchezo?"

Jioni ile aliomba pasi yangu ya kusafiria eti aione, akaitia kwenye sanduku lake la bati, akafunga. Akasema kwa upole kabisa, "Mama yangu hatafagia mara ya pili." Afadhali angenipiga.

Sasa nimekaa hapa kama mgonjwa. Sipiki, wanasema nipumzike. Majirani wanakuja kunipa pole. Wenzangu wananiandikia kila siku, nawajibu mtandao unasumbua. Hasira zinanijaa, nikimtazama baba anavyohesabu vidonge vyake zinageuka kuwa aibu, kisha zinarudi tena.

Jana mama alinifuata nikianua nguo. Akasema, "Baba yako akienda msikitini alasiri, koti lake huliacha nyuma ya mlango. Ufunguo umo mfukoni. Mimi nitakuwa kwa jirani." Nikamuuliza, akirudi akakuta nimeondoka bila kuaga, presha je? Mama akaanua shuka la mwisho, akaondoka.

Leo asubuhi niliamka mapema nikachukua ufagio wa chelewa nifagie uwanja, angalau nifanye kitu. Baba akatoka, akanipokonya mkononi, akainama akaanza kufagia mwenyewe. Mzee wa miaka sabini na mbili, ametoka kuanguka juzi juzi. Nikamsihi, "Baba, niachie." Akasema, "Kaa, mama."

Nikakaa. Nikamwangalia anavyofagia uwanja wote mpaka kwenye mgomba. Na Mungu anisamehe, nilichokuwa nawaza ni kwamba anafagia vizuri, mapigo mafupi, uzito wote mbele, kama tunavyofundishwa sisi.

Alasiri inakaribia. Koti litakuwa nyuma ya mlango. Ndugu zangu, nyie mngekuwa mimi, mngeuchukua huo ufunguo?